Chungu kilingane na karata

Katika mwaka wangu wa tatu wa kitivo hiki, usiku mmoja wa Ijumaa, nilipoteza dola 80 katika mchezo wa poka. Zilikuwa sehemu ya mwisho ya minervali yangu. Umeme ulikuwa umekatika, nasi tulicheza kwa mwanga wa simu katika chumba kimoja cha homu: wachezaji watatu na watazamaji wanne au watano. Nilipotoka nje, yaya mmoja aliyekuwa anatazama bila kucheza alinifuata. Nilidhani anakuja kunipa pole. Akaniambia: "Mdogo wangu, karata zako hazikuwa mbaya. Chungu ndicho kilikuwa kikubwa mno, na wewe mwenyewe ndiwe uliyekipika."

Sikumwelewa usiku ule. Leo namwelewa, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya katika jarida la kitivo cha lugha, mahali ambapo wengi watashangaa kukuta habari za karata. Maoni yangu ni haya: katika poka, mtu hachagui karata atakazopewa, wala hachagui karata za mwenzake. Kitu anachoweza kuchagua, angalau nusu yake, ni ukubwa wa ugomvi anaouingia. Anayejifunza kuupima ugomvi huo amejifunza zaidi ya nusu ya mchezo. Asiyejifunza atapoteza hata siku akipewa karata nzuri. Nadhani pia kwamba sisi watu wa lugha tuna sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili, na pia sababu ya kuliogopa.

Kwanza maneno, maana hapa ni nyumbani kwa maneno. Kiswahili kimecheza karata tangu zamani. Shupaza, kopa, uru na pau tunayoyasoma katika kamusi yalitoka kwa Wareno, na turufu pia ni neno lao. Huku kwetu Kongo maneno ya mezani yalikuja kwa njia ya Kifaransa, na kila mchezaji wa homu huyatamka kwa namna yake. Mimi nitatumia haya: kufuata ni kulipa kiasi kilekile alichoweka mwenzako; kupandisha ni kuongeza juu yake; kulala ni kutupa karata na kuacha kila kitu ulichokwisha kuweka; kupita ni kuiacha zamu iende kwa mwenzako bila kuweka kitu. Wachezaji wa Kifaransa wakipita husema "parole", yaani neno. Humwachia mwingine neno. Tutalirudia jambo hilo.

Zile fedha zinazokusanyika katikati ya meza nitaziita chungu. Kiswahili kina chungu cha kupikia na kina chungu kwa maana ya lundo, na maana zote mbili zinafaa hapa.

Mchezo tuliokuwa tunacheza ndio unaochezwa zaidi duniani, Texas Hold'em. Kila mtu hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kuna nafasi nne za kuweka dau: kabla ya karata za mezani, baada ya zile tatu, baada ya ya nne, na baada ya ya tano. Anayebaki na mkono bora wa karata tano, au anayebaki peke yake baada ya wengine kulala, hubeba chungu.

Sasa hesabu, na naomba wenzangu waliokimbilia kitivo cha lugha kwa kuogopa hesabu wavumilie kidogo. Tuseme karata tatu zimefunuliwa na chungu kina dola 10. Wachezaji ni wawili. Mmoja anaweka dau sawa na chungu, dola 10, mwingine anafuata. Chungu sasa ni 30. Karata ya nne: dau la 30, mwingine anafuata. Chungu ni 90. Karata ya tano: dau la 90, mwingine anafuata. Chungu ni 270. Madau matatu tu yametoka dola 10 hadi dola 270, na kila mmoja ametoa dola 130 mfukoni. Lakini kama kila dau lingekuwa nusu ya chungu, tungetoka 10 kwenda 20, kwenda 40, kwenda 80, na kila mmoja angetoa dola 35. Dau limepungua kwa nusu, lakini hasara imepungua karibu mara nne.

Hapo ndipo macho hudanganya. Chungu hakikui kwa kujumlisha, hukua kwa kuzidisha. Dau la kwanza linaonekana dogo, na kweli ni dogo, lakini ndilo linalopanga ukubwa wa dau la pili na la tatu. Mtu anayeweka dola 10 bila kufikiri amekwisha kuandika nusu ya habari ya zile dola 90 zitakazofuata.

Nirudi kwenye usiku wangu. Tulikuwa watatu, kila mmoja aliweka dola 2, chungu kikawa 6. Mimi nilikuwa na asi na tisa. Mezani zikatoka asi, nane na tano. Jozi ya asi! Nikaweka dola 6. Mmoja akalala, mwingine akafuata, chungu kikawa 18. Ikatoka valeti, nikaweka 18, akafuata, chungu kikawa 54. Ikatoka mbili. Mfukoni nilikuwa nimebaki na dola 54 kamili, nikazisukuma zote mezani, nikijivunia ujasiri wangu. Akafuata upesi. Alikuwa na asi na nane, yaani jozi mbili.

Kwa muda mrefu nilihadithia usiku ule kama habari ya bahati mbaya. Nane yake ilimkuta nane mezani, nifanye nini? Lakini fikirini swali ambalo yaya aliniuliza baadaye: "Ulipoweka zile dola 54, ulitaka nani akufuate?" Mwenye jozi ya nane na kitu kingine asingelipa dola 54. Mwenye valeti asingelipa. Waliokuwa tayari kunilipa ni wale tu waliokuwa wamenishinda. Dau langu la mwisho liliwafukuza wote niliowashinda, likamwalika yule mmoja aliyenishinda. Kama ningeweka nusu ya chungu baada ya karata tatu za kwanza, nikapita kwenye karata ya nne naye akapita, kisha nikafuata dau la nusu ya chungu mwishoni, ningekuwa nimetoa 3 na 6 juu ya zile 2 za mwanzo. Dola 11. Karata zilezile, mtu yuleyule, kushindwa kulekule: dola 11 badala ya 80. Bahati ilinichukulia dola 11. Zile 69 nilizitoa mwenyewe.

Kuna mfano mkubwa kuliko wangu, na unajulikana kwa kila anayefuata mchezo huu. Mwaka 2003, huko Las Vegas, watu 839 walilipa au walishinda nafasi ya dola 10,000 kuingia katika shindano kuu la ubingwa wa dunia wa poka. Mwishoni walibaki wawili: Sam Farha, mchezaji wa kazi aliyejulikana, na Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi yake kwa kushinda shindano dogo katika intaneti. Mikono miwili ya usiku ule inasimuliwa hadi leo.

Katika wa kwanza, Farha alikuwa na jozi ya tisa, iliyo ya juu kabisa mezani. Moneymaker hakuwa na kitu, ila matumaini ya kupata karata tano za shupaza au tano zinazofuatana. Kwenye karata ya nne Farha aliweka dau, Moneymaker akapandisha, Farha akafuata. Karata ya tano haikumsaidia Moneymaker hata kidogo. Akaweka zote alizokuwa nazo. Farha alifikiri sana, kisha akalala na mkono uliokuwa bora. Katika mkono wa mwisho, Farha alikuwa na jozi ya valeti, tena ya juu kabisa mezani. Moneymaker alikuwa na tano na nne, na mezani kulikuwa na valeti, tano na nne: jozi mbili. Farha aliweka dau, Moneymaker akapandisha, Farha akaweka zote. Tano nyingine ikaja kukamilisha kazi. Moneymaker akachukua dola milioni 2.5, na mwaka uliofuata walioingia shindano lile walikuwa 2,576.

Watu husimulia mkono wa kwanza kama habari ya uongo mzuri na wa pili kama habari ya bahati. Mimi naona jambo moja katika yote miwili. Mara zote mbili Farha alikuwa na jozi moja, na mara zote mbili chungu kilikua kuliko jozi moja inavyoweza kubeba. Mara ya kwanza kilikuwa kikubwa mno hata akashindwa kufuata akiwa mbele. Mara ya pili kilikuwa kikubwa mno na akaweka zote akiwa nyuma. Sisemi kwamba alicheza vibaya. Watu wakibaki wawili tu mezani, jozi ya juu ni mkono wenye nguvu, na mimi wa homuni sina cheo cha kumfundisha. Nasema tu kwamba jozi moja katika chungu kikubwa humweka mwenyewe mahali ambapo kila mlango una hasara yake. Dawa yake haipatikani kwenye dau la mwisho. Ilipaswa kutafutwa madau mawili kabla.

Hapa najua wenzangu watasema: basi unatufundisha uoga. Tupite, tupite, tufuate kidogo, chungu kibaki kidogo siku zote. Hapana, na pingamizi hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu mimi mwenyewe niliangukia huko. Baada ya kupoteza zile dola 80 nilicheza miezi mingi kwa maharagwe, na kila nilipopata mkono mzuri nilipita kwa hofu. Nilikuwa sipotezi sana, lakini pia sikushinda kitu, na mara nyingi nilipokonywa.

Angalieni hesabu yake. Mwenzako ana karata nne za kopa, anangoja ya tano. Katika kopa 13, nne anaziona, zimebaki 9. Karata asizozijua ni 47. Kwa hiyo kwenye karata ya nne ana nafasi 9 kati ya 47, kama asilimia 19. Ukipita, unampa nafasi hiyo bure. Ukiweka dau la nusu ya chungu, anapaswa kulipa sehemu moja ili apate tatu. Ili asipate hasara anahitaji nafasi ya asilimia 25, naye hana, isipokuwa akitumaini kukulipisha zaidi baadaye. Dau lako ni bei. Anayepita siku zote ni kama muuza duka anayegawa bidhaa bure kwa kuogopa ugomvi na wateja.

Na kuna upande mwingine. Mwenye karata kubwa kweli, ambaye chungu chake kinabaki dola 80 wakati kingeweza kufika 270, amepoteza pia, ingawa hakuna atakayempa pole. Kwa hiyo kutawala chungu si kukipunguza. Mkono mkubwa unadai chungu kikubwa, na kazi hiyo lazima ianze mapema, kwa sababu ya kule kuzidisha. Mkono wa kati unadai chungu kidogo na safari fupi ya kwenda kufunua karata. Mkono usio na kitu uende ukalale, au useme uongo wenye bei inayofaa: uongo wa dau sawa na chungu lazima ufaulu zaidi ya nusu ya mara zote ili ulipe, uongo wa nusu ya chungu unatosha ukifaulu zaidi ya mara moja katika tatu.

Mtu atawezaje? Kwa mambo mawili. La kwanza ni kukaa mwisho. Anayecheza baada ya mwenzake ameshasikia neno la mwenzake. Mwenzake akipita, yeye ana uwezo wa kuifunga raundi kwa kupita pia. Anayecheza kwanza hana uwezo huo, kwa sababu hata akipita, mwenzake anaweza kuchochea moto. Kwa hiyo karata za kati zichezwe ukiwa nyuma, na zitupwe mara nyingi ukiwa mbele. La pili ni kulinganisha salio lako na chungu kabla dau la kwanza halijawekwa. Mwaka 2007 Matt Flynn, Sunny Mehta na Ed Miller walitoa kitabu cha poka kilichoueneza uwiano huu kati ya wachezaji. Salio likiwa mara tatu au nne tu ya chungu, jozi nzuri ya juu inaweza kuingia yote bila majuto. Mimi usiku ule nilikuwa na dola 78 mbele ya chungu cha 6, yaani mara 13. Uwiano huo ulikuwa unaniambia wazi: jozi moja haitoshi kwa fedha zote hizi. Sikujua kuusoma.

Tena msidhani sheria ya meza ingeniokoa. Mezani kwetu kulikuwa na sheria kwamba hakuna dau linaloruhusiwa kuzidi chungu. Tuliiona kuwa sheria ya watu wenye busara. Lakini kila dau langu liliitii sheria hiyo kikamilifu, na madau matatu yalitosha kuimaliza minervali.

Sasa nirudi kwenye lugha. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, alitufundisha kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ni kutenda. Sote tumeyasoma hayo katika pragmatiki, na mfano tunaoukumbuka ni ule wa ndoa. Lakini mmojawapo wa mifano yake ya mwanzo kabisa ni dau: mtu anayebisha kwa senti chache kwamba kesho mvua itanyesha. Anayetamka dau hatoi habari ya dau, ameshaliweka. Poka ni mazungumzo yaliyojengwa kwa semi za aina hiyo tu, na ukubwa wa dau ndio nguvu ya usemi. Ndiyo maana anayepita husema "parole". Ndiyo maana pia Moneymaker aliaminiwa: dau lake la karata ya nne na lile la tano zilikuwa sentensi mbili za hadithi moja.

Na sisi, ambao kazi yetu ni semi, tunaweka madau kila siku bila kuhesabu. Mwaka jana nilihudhuria utetezi wa kazi ya mwisho ya mwenzetu mmoja. Alikuwa amerekodi wasemaji 12 katika mtaa mmoja, kazi safi, yenye mifano mizuri. Katika hitimisho aliandika kwamba watu wa Lubumbashi hawatumii tena upatanisho wa ngeli. Watu wa Lubumbashi! Mwanajopo mmoja akamfuata, kisha akapandisha: wasemaji wangapi? Umri gani? Mitaa mingapi? Mwenzetu, badala ya kupita, akaongeza dau, akasema hata Katanga nzima. Ilikuwa jozi moja katika chungu cha dola 162. Kama angeandika "wasemaji 12 wa mtaa huu", hakuna ambaye angeweza kumchukulia kitu, na kazi yake ingeheshimiwa kwa kadiri ilivyostahili. Nilikaa nyuma nikihisi jasho lake, kwa sababu nililifahamu.

Nina ombi kwa pande mbili. Kwa walimu wetu wanaotaka karata zifukuzwe homuni: naelewa, lakini katazo litahamishia mchezo kwenye simu, ambako hakuna yaya anayetazama. Afadhali mtusaidie kuhesabu. Kwa wanafunzi wenzangu: chezeni kwa maharagwe au vifuniko vya chupa. Mtajifunza kila kitu nilichokisema hapa, maana 10 huwa 270 hata katika maharagwe.

Sitaki mtu asome makala haya akadhani kwamba ujuzi wa chungu utamrudishia fedha zake. Mtawala bora wa chungu bado hupoteza usiku mwingi, na katika meza ya wanafunzi watatu fedha inayoshindwa ni minervali ya mtu mwingine. Yule aliyechukua dola zangu 80 alikuwa na deni lake. Mimi sikufanya mitihani ya kikao cha kwanza. Mama yangu, ambaye huuza makala sokoni, hakuuliza sana. Aliniletea dola 20, halafu 20 nyingine baada ya mwezi, mpaka zikatimia. Hakujua chochote kuhusu Texas Hold'em, lakini aliyapima yale aliyoweza kuyabeba, akayabeba kidogo kidogo.

Chungu cha kwanza kabisa, basi, ni kile unachokiingiza mfukoni kabla ya kufungua mlango wa chumba. Hicho hakuna mwenzako anayeweza kukikuza. Usiku ule kilikuwa na dola 80, na karata zilikuwa bado hazijagawanywa.